Kusikiliza Barafu

Kila kipupwe familia ya Mzee Shekiondo hupanda mlimani kuona maporomoko yalivyoganda, na kila mwaka mchezo ni uleule. Kwenye kona ya mwisho binti yake Tunu humfunga macho kwa mtandio na kumwongoza kwa mkono mpaka mbele ya maji. Hapo mzee husikiliza, kisha hutaja kiasi kilichokwisha kuwa barafu. Robo. Nusu. Hajawahi kukosea.

Mwaka huu barafu ilikuwa imeshika pembeni tu. Katikati maji yalishuka kwa kishindo, hata Tunu ikambidi apaze sauti.

"Haya, Baba," alisema, akamwachia mkono.

Mzee akainua kidevu. Akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Yote," alisema. "Mwaka huu yameganda yote."

Chiku, mtoto wa Tunu, alicheka akidhani ni utani. "Babu, mbona…"

Tunu akambana mkono. Akamtazama mama yake, na mama hakuwa na mshangao wowote. Ndipo alipokumbuka kwamba tangu asubuhi mama alikuwa akimgusa baba bega kabla ya kumsemesha.

"Mfungue," mama alisema.

Tunu akafungua fundo. Mzee aliyatazama maji yakimwagika, akazitazama nyuso zao. Aliukunja mtandio taratibu kama anayetaka kuurudisha. Kisha akaukunjua, akajifunga tena mwenyewe, akasogea hatua moja, halafu nyingine, mpaka manyunyu yakaanza kumlowesha uso.