Bwawa la Ngwali

Kwa mara ya tatu wiki ile, Ngwali alikuta bwawa lake limekauka nusu, vifaranga vya sato vikitapatapa topeni. Na udongo wa mfinyanzi wa kuzuia maji yasivuje aliushindilia mwenyewe, mpaka nyayo zikachubuka!

"Ni shetani gani anayekunywa maji haya?" alifoka, akabwaga ndoo.

Akasikia hodi. Alikuwa Bi Msimu, jirani mwenye shamba kule bondeni, chini ya bwawa, na mkungu wa ndizi kichwani.

"Pokea, mwanangu. Mvua hatujaiona, lakini migomba yangu imenenepa ajabu. Hata sijui nimshukuru nani."

Ngwali alitazama tope la bwawa, kisha mteremko wa kuelekea bondeni. Aliupokea mkungu. Ulikuwa mzito, na pale ulipokatwa, utomvu mwepesi kama maji ulikuwa bado unadondokea nyayo zake.