Mzuka wa Kwanza wa Kisimani

Taa za ukumbi zilipozimwa, Bi Mwanakheri alijifunika mtandio hadi puani.

"Mzuka mzima unaogopa?" shoga yake, Zaituni, akamchokoza.

"Wakimcheka huyu mpya, shoga, watanicheka na mimi."

Miaka thelathini nyuma Mwanakheri aliigiza kwenye filamu mzuka wa kisimani anayechana nywele, na mpaka leo mjini mwao hakuna mwanamke anayechana nywele karibu na kisima. Sokoni wanampisha bila kuombwa. Sasa filamu ile imetengenezwa upya, na mji mzima umejazana humu kuitazama.

Mzuka mpya alitokea na macho mekundu kama taa za breki. Akapaa, akanguruma, chanuo lake likafuka moshi. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Na yule wa zamani alikuwa kichekesho vilevile," mwanamume mmoja akapaza sauti. "Tulikuwa washamba tu!"

Walikuwa wanamfuta Mwanakheri huku anaona. Akasimama katikati ya viti, akavua mtandio, mwanga wa filamu ukampiga usoni. Akapitisha vidole kwenye nywele zake nyeupe, polepole, kisha akaigeuza shingo kuwaelekea, kama alivyoigeuza siku zile.

Kicheko kikakatika safu baada ya safu. Mzuka mpya aliendelea kunguruma, lakini hakuna aliyemtazama.

"Umeona?" Mwanakheri akanong'ona, akimgeukia Zaituni.

Kiti kilikuwa kitupu. Zaituni alikuwa amejibanza ukutani, viatu mkononi, midomo ikisoma dua.