Marahaba kwa Mpilipili

Siku hizi vyungu vya mimea husema, lakini husema pale tu mmea unapoumwa. Ukiwa mzima, chungu hunyamaza.

Mpilipili wangu wa barazani ulipoingiwa na vidukari, chungu kikawa kinaniamkia kila asubuhi: “Shikamoo, bibi. Wadudu wananifyonza huku chini ya majani.”

“Marahaba, mwanangu,” nikawa naitika. Tangu wajukuu wahamie mbali, nilikuwa sijaamkiwa na mtu.

Jumapili binti yangu Tunu alikuja, akakisikia. “Mama, unauacha mmea uliwe hivi?” Akakoroga maji ya sabuni, akapulizia majani juu na chini, akawafuta vidukari wote. “Haya, hakitakusumbua tena.” Akanywa chai, akaondoka.

Asubuhi yake nikaketi mbele ya chungu. Kimya. Kesho yake, kimya. Majani yanang’aa, mpilipili umetoa maua.

Nikaenda kwa jirani, ambaye mibilinganya yake imejaa vidukari, nikamwomba jani moja.

“Jani bovu la nini, Bi Sikudhani?”

Nililibeba taratibu wadudu wasidondoke, nikalilaza juu ya mpilipili. Kisha nikajifunga khanga yangu ya sikukuu, nikaketi kungoja shikamoo.