Nyuzi Zisizouma

"Anayeanza hapewi nyuzi za chuma, Mama," mwalimu wa kwaya alimwambia Melania, wakiwa wamesimama kwenye duka la magitaa ya mtumba pale Masumbwe. "Zinakata vidole, na wiki ya pili mtu ameshakimbia mazoezi. Wewe chukua hili la nailoni."

Lakini la chuma ndilo lililokuwa na sauti. Melania alilipakata, akabonyeza nyuzi kama alivyoelekezwa, akaburuta vidole kutoka juu hadi chini. Gitaa likalia vizuri mno hata akacheka peke yake.

"Mbona haziumi, Mwalimu? Hata kidogo! Mnatutisha bure."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa anaangalia shingo ya gitaa.

Melania naye akatazama. Uzi mmoja ulikuwa umefumuka, na ulikuwa umemchana kidole cha shahada mpaka nyama inaonekana. Damu ilitiririka polepole kwenye mbao, na kidole kimetulia tu, kana kwamba si chake.

Miaka tisa alikuwa akichanganya zebaki na mchanga kwa mikono mitupu, kule mwaloni wanakooshea dhahabu. Ile ganzi ya kila asubuhi alidhani ni baridi ya maji.

Aliukandamiza ule uzi tena, kwa nguvu, akasubiri.

"Basi, Mama, acha," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Tuchukue lile la nailoni."

"Lolote tu, Mwalimu," alisema Melania. "Kwangu mimi yote sawa."