Onja Utafiti Wangu

Sheria ni sheria: utafiti wa uzamili huwasilishwa kwa picha moja, bila maneno, na mtambo wa chuo huipamba kwanza. Dada yangu Tumpe alipiga picha maji ya bomba la nyumbani, ya kahawia kama chai. Mtambo ukayang'arisha.

Siku ya maonyesho, mimi, mtumishi mnyenyekevu wa sayansi, nilipanga gilasi za maji yaleyale chini ya picha.

"Karibu, Profesa," akasema Tumpe. "Onja utafiti wangu."

"Ziondoe, au usahau shahada."

"Mama anayanywa kila siku. Siziondoi."

Shahada ikaenda. Jumatatu chuo kikatuletea nyumbani miwani ya bure. Ukiivaa, maji yanang'aa. Mama anaipenda. Yangu nimemvalisha mbuzi wetu. Anaonekana msomi kabisa, na bado amegoma kunywa.