Karibu, Starehe

Tumbo la Bi Zaituni lilikuwa limepanda kifuani. Madaktari wakalishusha, wakashona tundu la kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na pale koo linapoingia tumboni wakavika pete, kama sheria inavyotaka. Pete haifunguki mpaka isikie sauti ya mume au mke ikisema "karibu". Ati ni kulinda mshono, mtu asile ovyo. Wakubwa waliotunga sheria hiyo, jana walitupimia unga, leo wanatupimia koo. Pete zao wenyewe hazina masikio.

Mzee Shekue alimkaribisha mkewe kila mlo kwa mbwembwe, mpaka kumbukumbu zilipoanza kumtoka. Hospitali ikasema sauti iliyosajiliwa haibadilishwi.

Tangu juzi Bi Zaituni hajameza kitu.

"Baba Tatu, sema karibu."

Mzee akatabasamu kwa adabu, kama mpita njia aliyewakuta watu wakila.

"Starehe, mama."

"Si starehe! Sema *karibu*, mume wangu!" Akatia kijiko cha uji kinywani, akangoja.

"Ahsante, nimeshiba. Nimetoka kula kwangu. Mke wangu anapika, wee!"

Bi Zaituni akabaki na uji mdomoni. Mgeni hamkaribishi mwenyeji.