Mita Mia Mbili

Majirani walileta turubai la msiba saa moja asubuhi, mume wangu akiwa bado anakunywa uji. Nilitaka kuwafukuza, lakini kosa lao lilikuwa nini? Utabiri wa mbio za baiskeli hutolewa siku moja kabla, na haujawahi kukosea: nani atashinda, nani atashika mkia, nani ataangukia wapi. Jana, mbele ya jina la mume wangu, utabiri ulisema kwamba ataanguka na kufa mita mia mbili kabla ya kumaliza.

Kazi yake ni kumtangulia nahodha wa timu yao ili kumkinga na upepo, kisha kumpisha hapohapo, kwenye mita mia mbili, ili nahodha akamalizie mwenyewe.

"Usiende, Baba Nakunda," nilimwambia.

"Nisipoenda, wanamweka mdogo wangu."

Alitoka nje, akakaza kamba ya turubai iliyokuwa imelegea, akamwamkia Mzee Kadeghe aliyekuwa anapanga viti. Kisha akarudi jikoni, akaninong'oneza: "Nitampisha nahodha kwenye mia tatu. Hata yeye mwenyewe sijamwambia."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Nilimfungia ndizi za njiani, nikamsindikiza hadi getini, nikasimama pale mpaka baiskeli ikapotea kwenye kona.

Niliporudi, Mzee Kadeghe alikuwa ameinamia simu yake. Aliponiona akavua kofia.

"Mwanangu," akasema, "wamerekebisha kidogo. Sasa ni mia tatu."